Jiko la bati na udongo: Ubunifu ulioanzia vibandani na kuenea barani

MWEZI Agosti mwaka wa 1981, wajumbe kutoka pembe zote za dunia walikutana jijini Nairobi katika kongamano la Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya na nishati jadidifu. Mataifa maskini yalikuwa yangali yanauguza majeraha ya bei ya mafuta ya petroli, iliyopanda ghafla mwaka wa 1973 na tena mwaka wa 1979. Katika kumbi za mkutano palizungumzwa mabwawa ya umeme, nguvu za jua na mvuke wa ardhini, na Kenya yenyewe ilikuwa na la kujivunia kwani mtambo wa kwanza wa Olkaria ulianza kuzalisha umeme mwaka huo huo.

Hata hivyo, nje ya kumbi hizo, chakula cha Wakenya wengi hakikupikwa kwa umeme wala kwa mafuta. Mashambani kilipikwa kwa kuni juu ya mafiga matatu, na mijini kwa makaa katika jiko la bati. Kwa familia ya mjini, upungufu wa nishati haukuwa suala la pipa la mafuta bali la debe la makaa, ambalo kila msimu lilizidi kuwa ghali.

Katika mazingira hayo ndipo lilipozaliwa jiko ambalo leo linapatikana katika karibu kila soko la Afrika Mashariki: la bati kwa nje, la udongo kwa ndani, na lililobanwa kiunoni mithili ya kipaza sauti cha zamani. Wataalamu wa nishati hulitaja hadi leo kama mojawapo ya mifano bora ya ubunifu uliosaidia umma. Sifa hiyo limeistahili, ingawa sababu zake si zile zinazotajwa mara nyingi. Jiko hili halikufaulu kwa sababu ya ujuzi wa hali ya juu. Lilifaulu kwa kuwa waliolibuni waliwakabidhi kazi mafundi waliokuwa wakitengeneza majiko tayari, na wakakubali kusahihishwa na wapishi. Pale liliposhindwa, nako kuna mengi ya kujifunza.

Jiko la kale na kasoro zake

Jiko la bati la awali husemekana kuletwa bara na vibarua wa Kihindi waliojenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria kati ya 1896 na 1901. Katika Pwani kifaa cha namna hiyo chajulikana kama seredani. Umbo lake lilikuwa jepesi: mkebe wa bati, kitako chenye matundu cha kushikilia makaa, kijidirisha cha kupitishia hewa na miguu mifupi. Fundi aliweza kulikamilisha kwa muda mfupi akitumia nyundo, patasi na kipande cha chuma cha kufulia. Malighafi yake ilikuwa mapipa makuukuu ya mafuta na mabati yaliyotupwa.

Kasoro yake ilijulikana na kila mtoto aliyewahi kuunguzwa mguu kwa kupita karibu nalo. Bati hupitisha joto upesi mno. Makaa yakiwaka, ukuta mzima wa jiko huwa moto, na joto hilo humwagika jikoni badala ya kuingia sufuriani. Vipimo vilivyofanywa vilionyesha kwamba ni kati ya asilimia 10 na 20 pekee ya nguvu zilizomo kwenye makaa iliyofika kwenye chakula. Kwa maneno mengine, mama aliyenunua mikebe mitano ya makaa alipikia mmoja tu, na iliyosalia ilipasha joto kuta za nyumba.

Udongo uliochomwa una tabia tofauti. Joto hupita ndani yake polepole, na ukishapata moto hukaa nao. Makaa yaliyozungukwa na udongo huwaka yakiwa na joto kali zaidi na huteketea vyema, kwa hiyo machache hutosha. Jambo hili halikuwa siri. Nchini Thailand watu walikuwa wakitumia jiko lenye umbo la ndoo, la udongo ndani na bati nje, muda mrefu kabla ya wataalamu wa Nairobi kuanza kuchora michoro yao. Jiko hilo la Thailand lilikuwa mmojawapo wa mifano iliyochunguzwa. Hapa Nairobi kwenyewe, wataalamu wa shirika la UNICEF walikuwa wamebuni jiko jingine la makaa walilolipa jina la Umeme.

Mradi wa Wizara ya Kawi uliofadhiliwa na shirika la misaada la Marekani, USAID, ndio uliobeba jukumu la kuunganisha mawazo hayo. Jina linalotajwa zaidi katika kazi ya kulisanifu jiko jipya ni la Mkenya Max Kinyanjui. Muungano wa mashirika yasiyo ya serikali uliojulikana kama KENGO ulishika kazi ya kulitangaza, kuwafunza mafundi na kuwaonyesha wananchi namna ya kulitumia. Kwa Kiingereza liliitwa jiko la kauri la Kenya. Wananchi hawakujali sana jina hilo. Kwao lilikuwa tu jiko la udongo, au jiko jipya.

Kupasuka, kupinduka na kurekebishwa

Msomaji asidhani kwamba jiko hili lilitoka mikononi mwa wasanifu likiwa kamili. Miundo ya mwanzo ilikuwa mirefu na iliyonyooka kama ndoo, na udongo ulitandazwa kutoka juu hadi chini. Matokeo yakawa jiko zito, la gharama, na udongo ulipasuka upesi. Sababu si ngumu kueleza. Bati na udongo vikipata moto havitanuki kwa kiasi kimoja. Vikiwa vimeshikana kila mahali, kimojawapo hakina budi kuvunjika, na daima ni udongo unaovunjika.

Kulikuwa na tatizo la pili, nalo halikuweza kuonekana katika maabara ambamo wataalamu walichemsha maji na kupima kipimajoto. Maji hayasongwi. Ugali husongwa. Mpishi wa ugali huegemea mwiko kwa nguvu za mkono mzima huku sufuria ikisukumwa huku na huko, na jiko lenye kitako chembamba hupinduka. Hatari ya kumwagikiwa na sima ya moto pamoja na makaa si ya kufanyiwa mzaha katika nyumba yenye watoto.

Suluhisho lililopatikana ndilo linaloonekana sokoni hadi sasa. Bati lilipewa umbo la mifuniko miwili iliyogusana vichwa: pana juu, jembamba katikati, pana tena chini. Upana wa chini hulizuia jiko kupinduka. Kiuno nacho kina kazi yake, kwa kuwa chungu cha udongo kilicho ndani kina umbo la koni na huketi juu ya kiuno hicho bila kuteleza kwenda chini. Hivyo udongo ukabakia katika nusu ya juu tu, yaliko makaa, na nusu ya chini ikaachwa tupu kuwa chumba cha majivu na njia ya hewa. Uzito ukapungua na gharama ikashuka. Kati ya udongo na bati hupakwa mchanganyiko wa saruji na vemikulaiti, madini mepesi yasiyopitisha joto kwa urahisi, ambao huvishikilia viwili hivyo pamoja na wakati huo huo kuvipa nafasi ya kutanuka.

Matundu ambayo zamani yalitobolewa kwenye bati sasa yalitobolewa katika kitako cha chungu chenyewe. Juu paliwekwa vishikizo vitatu vya chuma vinavyokunjuka, ili sufuria kubwa na ndogo zote zipate pa kukaa. Ukilitazama jiko hili kwa makini, utaona kwamba karibu kila sehemu yake ni jibu la malalamiko ya mtu fulani aliyelitumia au aliyelitengeneza.

Mwandishi wa makala haya amesoma sifa nyingi za wavumbuzi wanaofungiwa ofisini hadi wazo liwajie kama radi. Katika kisa hiki radi haionekani. Kuna watu waliorudi mara kwa mara kuuliza jiko limepasukia wapi.

Vibanda vya Shauri Moyo na Kamukunji

Jiko lilipokwisha kusanifiwa, palikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kujenga kiwanda kimoja kikubwa chenye mashine, ambacho kingetoa majiko ya ubora uliolingana na kuyauza kupitia maduka. Ya pili ilikuwa kuwafunza mafundi wa Shauri Moyo, Kamukunji na miji mingine, wale wale waliokuwa wakifua majiko ya bati, masanduku na karai chini ya jua kali.

Iliyoenea ni njia ya pili, na huo ndio uamuzi uliotia muhuri kufaulu kwa jiko. Fundi hakuhitaji mashine mpya. Nyundo yake, patasi yake na mapipa yake makuukuu yalitosha. Alichohitaji ni kipimo cha kukatia bati na mtu wa kumletea vyungu. Kazi ikagawanyika yenyewe: wafinyanzi walifinyanga na kuchoma vyungu kwenye matanuri, vikapakiwa katika malori na mikokoteni hadi vibandani, nao mafundi wa bati wakavivisha. Wateja walikuwa tayari wanaijua njia ya kwenda Gikomba. Wachuuzi walikuwa tayari wanajua kuuza majiko. Ubunifu huo haukuhitaji kujenga soko jipya kwa sababu uliingia katika soko lililokuwapo.

Mafundi hao wenyewe hawakuwa wakipewa heshima kubwa wakati huo. Walifanya kazi bila paa, na askari wa manispaa waliwafukuza mara kwa mara. Ziara ya Rais Daniel arap Moi huko Kamukunji mwaka wa 1985, iliyofuatwa na ujenzi wa vibanda vyenye paa, pamoja na stakabadhi ya serikali kuhusu uchumi iliyochapishwa mwaka wa 1986, ndizo zilizoanza kuipa sekta ya jua kali nafasi katika mipango ya taifa. Kufikia hapo, mafundi walikuwa wamekwisha kuuza majiko mapya kwa miaka kadhaa.

Jiko halikusajiliwa kwa hakimiliki ya uvumbuzi. Yeyote aliyelipenda aliweza kuliiga. Bei ya mwanzo, iliyokaribia dola 15 za Marekani, iliporomoka kadiri mafundi walivyoongezeka na kushindana, hadi ikafika kati ya dola 2 na 5. Hapo ndipo jiko lilipovuka mpaka kutoka kwa wenye mishahara hadi kwa watu wa mitaa ya mabanda. Kufikia katikati ya miaka ya 1990, majiko takriban 700,000 yalikuwa yakitumika nchini, na zaidi ya nusu ya nyumba za mijini zilikuwa nalo.

Kuhusu faida yake, vipimo vya majikoni vilionyesha kuwa matumizi ya makaa yalishuka kutoka takriban kilo 0.67 kwa mtu kwa siku hadi kilo 0.39. Tofauti hiyo yaonekana ndogo mpaka uizidishe. Kwa familia ya watu sita ni zaidi ya kilo 600 kwa mwaka, yaani magunia mengi ambayo hayakununuliwa. Jiko lililogharimu dola chache lilirudisha pesa zake katika muda wa miezi michache, na baada ya hapo kila shilingi iliyookolewa ilikwenda kwa unga, karo au kodi ya nyumba.

Mashambani, ambako watu hawanunui makaa bali hutafuta kuni, jiko hilo halikuwa jibu. Huko kulihitajika kitu kingine. Chama cha Maendeleo ya Wanawake, kwa ushirikiano na shirika la misaada la Ujerumani, GTZ, kilieneza jiko la kuni lililojulikana kama Maendeleo au jiko kisasa: chungu cha udongo kisicho na bati kabisa, kinachojengewa jikoni kwa matope na mawe. Baadaye, katika magharibi mwa Kenya, jiko la namna hiyo hiyo lilienezwa kwa jina la Upesi. Wafinyanzi wengi wa majiko hayo walikuwa vikundi vya wanawake, kwa maana katika jamii nyingi za eneo hilo ufinyanzi ni kazi ya wanawake tangu jadi. Waliokuwa wakifinyanga mitungi ya maji, ambayo ilikuwa imeanza kukosa wanunuzi kwa sababu ya ndoo za plastiki, walipata bidhaa mpya ya kupeleka sokoni.

Mipaka nayo haikuwa kizuizi. Jiko la bati na udongo liliingia Uganda, Rwanda na Sudan. Nchini Tanzania lilienea kwa jina la jiko bora, Ethiopia likabadilishwa kidogo na kuitwa Lakech, na Ghana ndugu yake anaitwa Gyapa. Kila mahali palikuwa na mafundi wa bati, na kila mahali palikuwa na udongo.

Bandia sokoni

Uhuru wa kuiga ulioshusha bei ulishusha pia ubora. Fundi anayeuza jiko kwa faida ya shilingi chache hushawishika kupunguza vemikulaiti au kuiacha kabisa, kutumia bati jembamba, au kununua chungu kilichochomwa nusu nusu. Kwa macho, jiko kama hilo halina tofauti na zuri. Tofauti hujitokeza baada ya majuma machache, udongo unapoanza kumeguka na kuchanganyika na majivu. Mnunuzi aliyetapeliwa hasemi kwamba fundi fulani alimhadaa. Husema kwamba majiko ya udongo hayafai.

Basi anayekwenda kununua yafaa ajue mambo machache ambayo wachuuzi waaminifu hawaoni tabu kuyaonyesha. Chungu kigongwe kwa kidole au kwa ufunguo: kilichochomwa vizuri hulia kama kengele, kibovu hutoa sauti nzito iliyokufa. Rangi iwe moja, bila mabaka meusi mapana. Ukanda wa saruji kati ya chungu na bati uonekane, tena usiwe na nyufa. Jiko jipya liwashwe mara ya kwanza kwa makaa machache ili unyevu uliosalia utoke polepole. Na kamwe makaa yasizimwe kwa kumwagiwa maji yakiwa bado ndani, maana udongo wenye moto hauhimili baridi ya ghafla. Chungu kikifa kabla ya bati, hakuna haja ya kutupa jiko zima. Vyungu vitupu huuzwa, na fundi atakitia kipya kwa bei ndogo.

Jiko halikuokoa misitu

Walioliunga mkono jiko hili katika miaka ya 1980 waliahidi mambo mawili: litapunguza gharama ya familia, na litaokoa misitu. La kwanza lilitimia. La pili halikutimia kwa kiwango kilichotarajiwa, na ni vyema kusema hivyo waziwazi.

Sababu mojawapo ni hesabu ya watu. Sensa ya 1979 ilihesabu Wakenya milioni 15.3, na ile ya 2019 ikahesabu milioni 47.6. Nairobi pekee ilikua kutoka watu wapatao 828,000 hadi karibu milioni 4.4. Hata kila nyumba ikipunguza makaa kwa thuluthi au zaidi, mji unaozidisha wakazi wake mara tano bado utakula miti mingi kuliko awali. Zaidi ya hayo, kitu kikiwa nafuu kukitumia, watu hukitumia kwa wingi. Mwanauchumi Mwingereza William Stanley Jevons aliliona jambo hilo mwaka wa 1865 alipoandika kuhusu makaa ya mawe: mitambo iliyotumia makaa kwa uangalifu zaidi ilifanya makaa yatumiwe zaidi nchini mwake, wala si kidogo.

Sababu nyingine ni kwamba hasara kubwa kuliko zote haitokei jikoni bali porini. Ili kupata kilo moja ya makaa katika tanuri la kienyeji lililofunikwa kwa udongo na majani, huhitajika kuni za kati ya kilo sita na kumi. Mchomaji makaa wa Kitui au Kajiado anayekata migunga hana wa kumfunza njia bora, na kwa miaka mingi biashara yake imekuwa ikiishi nusu halali, nusu haramu. Kanuni za makaa za mwaka wa 2009 zilinuia kuwapa wachomaji vyama na leseni. Mwaka wa 2018 serikali ilisitisha ukataji miti katika misitu ya umma, amri iliyodumu hadi 2023, na kaunti ya Kitui ilipiga marufuku biashara ya makaa mwaka huo huo wa 2018. Makaa yaliendelea kuwasili mijini, ila kwa bei ya juu. Aliyelipa tofauti hiyo ni mnunuzi wa mkebe mmoja.

Kisha kuna suala la afya. Jiko la udongo hutumia makaa machache, lakini makaa ni makaa. Hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua. Kila msimu wa baridi zinaripotiwa familia zilizolala na jiko ndani ili kupata joto na zisiamke. Kwa hakika jiko la udongo laweza kuwa la hatari zaidi kwa namna moja: hukaa na moto kwa muda mrefu, na makaa yanayoonekana kana kwamba yamezimika bado yanatoa sumu chini ya majivu. Lisiingizwe chumba cha kulala hata kidogo. Duniani kote, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi na hewa chafu ya majumbani vilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka wa 2020.

Gesi, na uchumi wa kadogo

Sensa ya 2019 ilionyesha picha ambayo wasanifu wa 1981 wasingeitambua. Asilimia 55.1 ya nyumba zilipika hasa kwa kuni, asilimia 23.9 kwa gesi, asilimia 11.6 kwa makaa na asilimia 7.8 kwa mafuta taa. Gesi ilikuwa imeyapita makaa. Kupanda huko kulisaidiwa na mitungi midogo ya kilo sita, na pia na hatua ya serikali ya mwaka 2016 ya kuiondolea gesi kodi ya thamani ya ziada. Kodi hiyo ilirejeshwa kwa kiwango cha asilimia 16 mwezi Julai 2021, ikapunguzwa hadi asilimia 8 mwaka wa 2022, kisha ikaondolewa tena mwaka wa 2023. Mwenye kibanda cha chakula aliyejaribu kupanga bajeti yake katika miaka hiyo anastahili kuhurumiwa.

Kinachomfunga mtu maskini kwenye makaa mara nyingi si gharama ya jumla. Ukijumlisha mikebe ya mwezi mzima, huenda ikapita bei ya kujaza mtungi. Tatizo ni kwamba mkebe hununuliwa leo kwa pesa za leo, ilhali mtungi huhitaji pesa za majuma kadhaa kwa wakati mmoja. Huu ndio uchumi wa kadogo, ambao unauza mafuta ya kupikia kwa kipimo, sukari kwa karatasi na sabuni kwa kipande. Ubunifu wowote usioujua uchumi huu huishia kwenye nyumba ambazo hazikuwa na shida kubwa.

Wapo walioelewa. Huduma ya M-Pesa ilijaribiwa mwaka wa 2005 kwa lengo la kuwawezesha watu kulipa mikopo midogo kwa simu. Waliojaribu wakaanza kuitumia kutumiana pesa, na ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, kutuma pesa ndiko kulikotangazwa. Ni kisa cha kiuno cha jiko kwa sura nyingine: mtumiaji alirekebisha, na mbunifu akasikiliza. Miaka iliyofuata, njia hiyo hiyo ya malipo ilitumiwa kuuza gesi kwa kipimo. Mtungi huwekwa nyumbani ukiwa na mita, na mteja hulipia kidogo kidogo kwa simu kadiri anavyopika, jinsi alivyokuwa akinunua mkebe.

Hata hivyo, tembelea nyumba iliyo na gesi, ikiwa ya mjini au ya soko la mashambani, na mara nyingi utalikuta jiko la udongo pembeni mwa mlango. Chai na mayai ni kazi ya gesi. Githeri na maharagwe, yanayochemka kwa saa tatu, ni kazi ya jiko, kwani hakuna anayetaka kusikiliza mtungi ukiisha kwa sababu ya maharagwe. Wenye stima sasa wanauziwa sufuria za umeme zinazopika kwa mgandamizo wa mvuke, ambazo huivisha maharagwe kwa muda wa saa moja hivi na kutumia chini ya uniti moja ya umeme. Ni kifaa cha manufaa bila shaka, na hesabu yake ni nzuri kuliko ya makaa na ya gesi pia.

Ila fundi wa Kamukunji hawezi kukitengeneza. Mpira wa mfuniko ukichakaa au swichi ikiungua, aliyekinunua kwa akiba ya miezi kadhaa hana pa kukipeleka karibu na nyumbani. Hurudi mlangoni, akalipangusa jiko vumbi, akamtuma mtoto makaa.